Kiharusi: Uhai ukiokolewa, kazi ndiyo inaanza

Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, watafiti waliifuatilia jamii ya watu zaidi ya 200,000 katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam, wakimtafuta kila aliyepatwa na kiharusi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, yaliivunja dhana kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya karibu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam karibu 316, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa juu ya presha, chumvi, kisukari na unene, na ni sawa, kwa kuwa presha isiyotibiwa ndiyo mama wa viharusi vingi. Lakini liko swali lingine ambalo halijapata nafasi yake. Yule ambaye kiharusi kimeshamkuta, akalazwa, akanusurika na kuruhusiwa, anarudi nyumbani akiwa na uwezo gani? Anaweza kujilisha? Anaweza kwenda chooni bila kubebwa? Anaweza kutamka jina la mwanawe, kutawadha na kusali, kushika jembe, kuhesabu chenji dukani?

Makala haya yana hoja moja. Ubora wa maisha baada ya kiharusi unategemea kwa kiasi kikubwa uuguzi wa msingi unaofanywa kwa utaratibu, na huduma za utengemao zinazoanza mgonjwa angali wodini na kumfuata hadi nyumbani. Utengemao ni jumla ya kazi zinazomrudishia mtu uwezo wa kufanya mambo yake: fiziotherapia kwa ajili ya viungo na mwendo, tiba kazi kwa ajili ya shughuli kama kuvaa, kuoga na kupika, tiba ya usemi kwa ajili ya kuongea na kumeza, vifaa saidizi kama viti mwendo na magongo, pamoja na ushauri nasaha. Kwa mazoea yetu tiba ni sindano, vidonge, dripu na chumba cha upasuaji. Kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kumkalisha na kumsafisha huhesabiwa kuwa huruma tu, kazi anayoweza kuachiwa ndugu yeyote aliye jirani na kitanda. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne unaukataa mgawanyo huo. Kazi hizo ni tiba, zina kanuni zake, na zikifanywa ovyo mgonjwa hulipa kwa mwili wake.

Historia ya ushahidi huo inaanzia kwa wagonjwa wa aina nyingine, waliovunjika uti wa mgongo vitani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyepooza kiuno kwenda chini alihesabiwa kuwa mfu anayesubiri siku yake. Wengi hawakuuawa na jeraha lenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulalia vilivyooza na maambukizi ya njia ya mkojo. Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani, alifungua kitengo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti wa mgongo uliokatika, na hadi leo dawa hiyo haipo. Alichokileta ni amri ya uuguzi: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ngozi yake ikaguliwe na kibofu chake kitunzwe kwa usafi mkali. Kisha akawataka wagonjwa wafanye kazi za mikono na wacheze michezo. Julai 29, 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, wagonjwa na majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika viwanja vya hospitali hiyo, na kutokana na mashindano hayo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Watu waliokuwa wakiandaliwa kufa walirudi makazini na kwenye familia zao, na kilichobadilika ni uuguzi na utengemao.

Kwa upande wa kiharusi, ushahidi ulio mzito kuliko wote unahusu kile kinachoitwa kitengo cha kiharusi. Jina hilo lisimtishe msomaji akadhani ni jengo la vioo lililojaa mashine. Maana yake ni sehemu moja ya wodi ambako wagonjwa wa kiharusi hulazwa pamoja, wakahudumiwa na timu moja ya daktari, wauguzi na wataalamu wa utengemao wanaoujua ugonjwa huo na wanaokutana mara kwa mara kupanga hatua za kila mgonjwa. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2020, yaliyounganisha majaribio 29 yenye wagonjwa 5,902, yalionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaohudumiwa hivyo, wawili zaidi hunusurika, sita zaidi huishi nyumbani badala ya kutunzwa katika taasisi, na sita zaidi hujitegemea, wakilinganishwa na wale wanaotawanywa katika wodi za kawaida. Faida hiyo haichagui umri wala jinsia, na haibagui kiharusi chepesi na kizito. Zipo dawa za kiharusi zenye nguvu, kama ile ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hiyo inahitaji mgonjwa afike ndani ya saa chache na apigwe picha ya CT kwanza. Kitengo cha kiharusi kinamfaa karibu kila anayefika, hata aliyechelewa siku mbili njiani.

Ni nini hasa kinachofanyika humo chenye nguvu kiasi hicho? Jibu mojawapo lilitoka Australia mwaka 2011. Katika vitengo 19 vya kiharusi vya jimbo la New South Wales, watafiti waliokuwa wauguzi walijaribu utaratibu wa mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Joto la mwili lilipimwa kila baada ya saa nne kwa siku tatu za mwanzo, na likipanda mgonjwa alipewa paracetamol. Sukari ilipimwa kwa tone la damu ya kidole na kushushwa ilipozidi. Na uwezo wa kumeza ulipimwa ndani ya saa 24, kabla mgonjwa hajapewa chakula, kinywaji wala kidonge. Baada ya siku 90, kati ya waliohudumiwa kwa utaratibu huo, asilimia 42 walikuwa wamefariki au wamebaki na ulemavu. Kati ya waliohudumiwa kwa mazoea ya kawaida, walikuwa asilimia 58. Tofauti ya watu 16 katika kila 100 ni kubwa mno katika ulimwengu wa tiba, na ilipatikana kwa kipimajoto, kipima sukari, kijiko cha maji na muuguzi aliyefundishwa kutoruka hatua hata moja.

Kipimo cha kumeza kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachopuuzwa kirahisi. Kiharusi kinaweza kuidhoofisha misuli ya koo hata pale mdomo unapoonekana mzima. Muuguzi humkalisha mgonjwa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, akahakikisha yu macho kabisa. Humpa maji kijiko kimoja, akasubiri na kusikiliza. Je, amekohoa? Amepaliwa? Sauti yake imekuwa ya majimaji anapoambiwa aseme? Dalili moja kati ya hizo inatosha kumzuia asile kwa mdomo hadi achunguzwe zaidi, na wakati huo huo alishwe kwa mrija. Sasa linganisha na yanayotokea pale ambapo kipimo hicho hakipo. Ndugu amekuja na chupa ya chai au uji mwepesi, mgonjwa amelala chali, anainuliwa kichwa tu na kunyweshwa kwa upendo wote. Kinywaji chepesi hukimbia haraka kooni, na sehemu yake huingia mapafuni bila hata kikohozi kusikika. Siku chache baadaye ni homa ya mapafu, na familia inaambiwa kiharusi kimezidi. Hapo mgonjwa anakuwa ameumizwa na kikombe cha chai, na hakuna wa kumlaumu kwa kuwa hakuna aliyeambiwa.

Ndivyo ilivyo kwa ngozi na bega pia. Kidonda cha kulalia huanza kama doa jekundu, au kwa ngozi nyeusi kama sehemu iliyoiva na kuwa na joto au ugumu usio wa kawaida, kwenye mfupa wa chini ya mgongo, nyonga na visigino. Likionekana siku ya kwanza, linaondoka kwa kumgeuza mgonjwa na kuacha kumlaza juu yake. Likionekana wiki ya tatu limeshakuwa shimo linalofika kwenye mfupa, na kulitibu kunahitaji miezi ya kufunga kidonda, dawa za bei na mara nyingine upasuaji. Bega nalo lina hadithi yake. Mkono uliopooza hauna misuli ya kulishikilia bega, kwa hiyo kila mgonjwa anapovutwa kwa mkono huo au kunyanyuliwa kwa kushikwa makwapani, kiungo hulegea zaidi. Matokeo yake ni maumivu yanayomfanya mgonjwa akatae mazoezi, na asiyefanya mazoezi mkono wake hukakamaa. Kulinda bega kunahitaji mto wa kuegemeza mkono na kanuni moja iliyobandikwa ukutani: mgonjwa huyu asivutwe kwa mkono uliopooza.

Baada ya hatari za siku za mwanzo kudhibitiwa, kazi ya utengemao huchukua uzito zaidi. Ubongo haurudishi seli zilizokufa, lakini sehemu zilizosalimika zinaweza kujifunza majukumu ya zile zilizopotea. Zinajifunza kwa kurudia kitendo halisi mara nyingi, kila siku, katika mazingira yanayofanana na yale mgonjwa atakayoishi. Anayetaka kuinuka kutoka kwenye kiti hujifunza kwa kuinuka kutoka kwenye kiti. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa nyuma yake, liliufungia mkono mzima ndani ya glavu kwa sehemu kubwa ya siku kwa muda wa wiki mbili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Wagonjwa hao walipata nafuu ya mkono kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Funzo lake kwa familia zetu ni zito. Anayemlisha mgonjwa kila tonge wakati mkono wake unaanza kuamka anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini anamnyima zoezi lake. Afadhali ugali umwagike mezani kuliko mkono usahau njia ya kwenda mdomoni.

Hata hivyo utengemao si suala la bidii tupu, na hapa mtetezi wa hoja hii anatakiwa aseme ukweli wote. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha jaribio kubwa lililofanyika katika vituo 56 vya nchi tano, likiwa na wagonjwa 2,104. Lilitaka kujua kama kumwinua mgonjwa kitandani ndani ya saa 24 za mwanzo, mara nyingi na kwa muda mrefu, kungeharakisha kupona. Wengi walitarajia jibu la ndiyo. Ikawa kinyume chake: miezi mitatu baadaye, kati ya waliopewa mazoezi hayo makali na ya mapema sana, waliopona vizuri walikuwa asilimia 46, ilhali kati ya waliokwenda kwa mwendo wa kawaida walikuwa asilimia 50. Haraka haraka haina baraka, hata hospitalini. Tunachojifunza ni kwamba kuanza mapema kunatakiwa, lakini kwa vipindi vifupi vinavyopangwa na mtu mwenye taaluma, kwa kutazama presha, uchovu na hali ya mgonjwa. Hilo lenyewe linathibitisha kwamba hii ni tiba, kwa sababu kama ilivyo kwa dawa, ina kipimo, na kipimo kikizidi hudhuru.

Pingamizi la kwanza linalosikika dhidi ya hoja hii ni kwamba hatuna vifaa. Picha za mashine za kumning'iniza mgonjwa juu ya mkanda wa kutembelea, na za roboti za kunyoosha mikono, zimewafanya wengi waamini kwamba utengemao wa kweli uko India, Afrika Kusini au Ulaya. Ushahidi hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 408 waliopata kiharusi, baadhi wakifundishwa kutembea kwa mashine ya mkanda yenye kubeba uzito wa mwili, wengine wakifanya mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili nyumbani kwao chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepiga hatua katika kutembea, na hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Mwaka 2019 Uingereza ilichapisha jaribio la wagonjwa 770 lililopima roboti za kufundisha mkono, na roboti hazikuishinda huduma ya kawaida katika kurudisha utendaji wa mkono. Mashine zina nafasi yake, lakini hospitali ya mkoa yenye fedha kidogo ikiambiwa ichague kati ya roboti moja na mishahara ya wataalamu wa fiziotherapia, jibu liko wazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wataalamu wenyewe wako wapi? Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengemao wasiofikia 10 kwa kila watu milioni moja. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa wengi kupita uwezo wake hawezi kuambiwa tu amgeuze kila mmoja kwa wakati. Ni kweli, na kumlaumu muuguzi huyo ni dhuluma. Lakini upungufu huo ndio sababu ya kupanga kazi vizuri. Kipimo cha kumeza huchukua dakika chache, ilhali kumuuguza mtu mwenye homa ya mapafu huchukua siku. Kugeuza kunakula muda wa zamu, ila kidonda kilichofika mfupani kinakula miezi. Mkoa wa Kilimanjaro una urithi mkubwa: Hospitali ya KCMC mjini Moshi inafundisha fiziotherapia na tiba kazi, na chuo cha TATCOT kimekuwa kikiandaa mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, wakiwamo wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Tatizo kubwa liko kwenye nafasi za ajira. Kijana anaweza kuhitimu fani ambayo hospitali nyingi za wilaya hazijaiwekea nafasi ya kutosha.

Kugawana majukumu nako si ndoto. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini ya kunywa, kazi iliyokuwa ya madaktari peke yao. Walioogopa walisema dawa itatumika vibaya. Uamuzi ule ukawa mfano unaotajwa barani kote wa namna ya kuwafikishia wagonjwa nafuu ya maumivu vijijini. Vivyo hivyo muuguzi aliyefundishwa anaweza kupewa mamlaka kamili ya kumzuia mgonjwa asile hadi apimwe, ya kuanzisha mazoezi ya kitandani na ya kumwita mtaalamu bila kungojea raundi ya daktari.

Pingamizi la tatu linatoka kwenye fahari yetu wenyewe. Sisi tuna familia, husemwa, hatuwapeleki wazee wetu kwenye nyumba za kutunzia, kwa hiyo ndugu watatosha. Familia ni hazina ya kweli, ila ushahidi unatuonya tusiifanye kisingizio. India, nchi yenye familia kubwa na wataalamu wachache kama kwetu, ilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao ndugu zao walifundishwa kuendesha utengemao nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa sawasawa: miezi sita baadaye, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Tafsiri yangu ya matokeo hayo ni kwamba mafunzo mafupi kwa ndugu hayawezi kuziba pengo la taaluma. Ndugu anaweza kufanya mengi akiwa na mtu wa kumrudia, anayemtembelea, anayerekebisha mazoezi na kusogeza malengo. Akiachwa peke yake anachoka, na mara nyingi anayechoka ni mke au binti ambaye ameacha biashara yake au shule.

Familia iliyoachwa bila maelekezo hutafuta maelekezo kwingine. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu wengi wa Dar es Salaam walihusisha kiharusi na mapepo na uchawi, na hivyo kuelekea kwa waganga, wakati Hai maelezo ya kimwili ndiyo yaliyotawala. Ni rahisi kuwacheka. Haki ni kujiuliza hospitali ilikuwa imewapa nini mkononi walipotoka. Mganga humtembelea mgonjwa, humshika mkono uliopooza, huupaka na kuukanda, na huipa familia kazi ya kufanya kila siku. Mfumo wa afya ukitoa karatasi ya ruhusa na vidonge vya presha pekee, bila zoezi hata moja wala tarehe ya kurudi kwa fiziotherapia, unakuwa umeiacha wazi nafasi ambayo mtu mwingine ataijaza.

Roho nayo isisahaulike. Takribani mtu mmoja katika kila watatu wanaonusurika kiharusi hupatwa na sonona. Kwa nje huonekana kama uvivu au ukaidi: hataki kula, hataki mazoezi, analia ovyo, anajibu mkato. Mwingine amepoteza usemi huku akili yake ikiwa timamu, akaanza kusemeshwa kama mtoto au kujadiliwa mbele yake kana kwamba hayupo. Muuguzi anayejua kuuliza, anayempa mgonjwa muda wa kujibu na kumwandalia kadi ya picha za kuelekeza kwa kidole, anaokoa utu wa mtu huyo. Na sonona inatibika, kwa ushauri nasaha na kwa dawa pale inapobidi, ili mradi kuna aliyeitambua.

Wapo watakaosema kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba shilingi ya ziada iende kwenye kupima presha. Nakubaliana nao kuhusu kinga, lakini mambo haya mawili hayagombani. Aliyepata kiharusi kimoja yuko katika hatari kubwa ya kupata cha pili, na zile ziara za utengemao ndizo nafasi nzuri ya kupima presha yake na kuhakikisha anameza dawa. Njia ya kumfikia ipo. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakiwa na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na Januari 2024 Tanzania ikazindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Mtu anayeingia nyumbani kupima presha anaweza pia kukagua visigino, kuuliza kuhusu kumeza na kutazama kama mgonjwa anakalishwa. Anachohitaji ni kufundishwa, na kuwa na hospitali ya wilaya itakayompokea anapotoa taarifa.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja majengo. La kwanza, kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge vitanda vichache vya kiharusi katika wodi iliyopo na kuvipa timu yake, pamoja na utaratibu wa homa, sukari na kumeza. La pili, bima ilipie utengemao kama inavyolipia upasuaji. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kitita cha mafao kitakachoishia kwenye kitanda cha wodi kitakuwa kimemwacha mgonjwa nusu ya safari. La tatu, tupime tunachokitaka. Tangu mwaka 1965 dunia ina kipimo cha Barthel, karatasi moja yenye shughuli 10, zikiwamo kula, kuoga, kuvaa, kudhibiti haja, kwenda chooni na kupanda ngazi, inayotoa alama kutoka 0 hadi 100. Muuguzi anaijaza kwa dakika chache. Ikijazwa siku ya ruhusa na tena miezi mitatu baadaye, tutajua ni hospitali zipi zinawarudishia watu maisha yao, na tutajifunza kwao.

Kwa familia zenye mgonjwa wodini leo, ombi langu ni hili. Msiondoke hospitali kabla hamjaonyeshwa kwa vitendo namna ya kumlisha salama, kumgeuza, kumwinua bila kumvuta bega na kufanya mazoezi yaliyopangwa kwa ajili yake, na kabla hamjapewa tarehe ya kurudi kwa wataalamu wa utengemao. Ulizeni kwa heshima, na muulize tena kama jibu halikueleweka. Hiyo ni sehemu ya tiba, na mgonjwa wenu anaistahili kama anavyostahili dawa.